Vichwa Kumi na Sita Visivyokuwepo

Katika toleo la kwanza la Linux, lile la 0.01 lililowekwa kwenye seva ya mtandao wa vyuo vikuu vya Ufini mnamo Septemba 1991, kulikuwa na faili dogo lililoitwa config.h. Ndani yake zilitajwa diski ngumu mbili tu. Moja iliitwa LINUS_HD, nayo ilikuwa ya Linus Torvalds mwenyewe, mwandishi wa Linux. Ya pili, LASU_HD, ilikuwa ya Lars Wirzenius, mwanafunzi mwenzake wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mtu mwingine yeyote duniani aliyetaka kuijaribu kerneli ile, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilimbidi afungue faili hilo, aandike idadi ya vichwa, sekta na silinda za diski yake, kisha aikompaili kerneli upya. Akikosea namba moja, kerneli ingeenda kusoma mahali pasipo, au mbaya zaidi, ingeandika mahali pasipo.

Namba hizo angezipata wapi? Labda kwenye kibandiko kilichogandishwa juu ya diski, labda kwenye kijitabu kilichokuja nayo, labda kwenye skrini ya buluu ya BIOS. Watumiaji wengi wa DOS walikuwa hawajawahi kuulizwa swali la namna hiyo. DOS haikuuliza kwa sababu haikuhitaji kujua. Kazi ya kuongea na diski ilikuwa ya dalali mmoja aliyekaa kwenye chipu ya ubao mkuu, yaani BIOS, na DOS iliridhika na lolote ililoambiwa.

Kwa muda wa miaka kumi na kidogo baada ya hapo, waliohama kutoka DOS kwenda Linux walikuwa na kilio kimoja kilichovaa sura nyingi: diski yangu imekataa. Kompyuta haiwaki. Patisheni hazionekani. DOS ilikuwa inafanya kazi jana, leo imekufa. Ukiyachambua malalamiko yale moja baada ya jingine utakuta diski zenyewe mara nyingi zilikuwa nzima. Kilichokuwa kimeoza ni hesabu. Dalali alikuwa akisema uongo tangu zamani, kwa nia njema kabisa, na Linux ilikuwa mgeni aliyepita kando yake na kwenda kumwuliza mwenye mali.

Uongo huo haukuanza kama uongo. Machi 1983 IBM ilitoa PC XT, kompyuta ya kwanza katika ukoo wa PC kuuzwa na diski ngumu ndani yake, na pamoja nayo ikaja DOS 2.0. Diski ilikuwa ya megabaiti 10. Modeli iliyojulikana sana ya ukubwa huo, ST-412 ya kampuni ya Seagate, ilikuwa na silinda 306, vichwa vinne, sekta 17 katika kila mzunguko, na baiti 512 katika kila sekta. Zidisha na utapata baiti 10,653,696. Kila namba hapo ilikuwa ya kweli. Ungeifungua kwa bisibisi ungevihesabu vichwa vinne kwa macho yako.

DOS ilipotaka kitu kutoka diskini ilipiga wito wa BIOS uitwao INT 13h na kutaja anwani yenye sehemu tatu: silinda ipi, kichwa kipi, sekta ipi. Waliobuni wito huo walitenga biti 10 kwa ajili ya silinda, 8 kwa kichwa na 6 kwa sekta. Biti 10 hazifikishi zaidi ya silinda 1024. Biti 6 hazifikishi zaidi ya sekta 63, kwa kuwa sekta huhesabiwa kuanzia moja. Mwaka 1983, mbele ya diski yenye silinda 306, nani angelalamika?

Zama hizohizo ndipo lilipozaliwa jedwali la patisheni. Mwishoni mwa sekta ya kwanza kabisa ya diski zilitengwa baiti 64, zikagawanywa katika nafasi nne za baiti 16 kila moja, ili diski moja iweze kubeba mifumo endeshi tofauti bila ugomvi. Kila nafasi ilitaja mwanzo na mwisho wa patisheni mara mbili: kwanza kwa silinda, kichwa na sekta, kisha kwa namba ya mfululizo kuanzia sifuri. Kumbuka hilo la mara mbili. Mtu mwenye maelezo mawili ya jambo moja siku moja atakuta hayalingani.

DOS yenyewe ilikuwa na vizuizi vyake. Mpaka toleo la 3.3 patisheni moja haikuweza kuzidi megabaiti 32, kwa sababu idadi ya sekta iliandikwa kwa biti 16, na sekta 65,536 za baiti 512 ndizo megabaiti 32. Mwaka 1987 toleo hilo la 3.3 likaleta patisheni ya ziada inayoweza kubeba nyingine ndani yake, na ndiyo maana mwenye diski ya megabaiti 40 alikuwa na C: ya 32 na D: ya 8. Mwaka 1988 DOS 4.0 ikaivunja dari hiyo. Haya yote yalipita bila mtumiaji kujua kichwa wala silinda ni nini.

Kisha watengenezaji wa diski wakabadili mchezo. Kuanzia 1986 zikaja diski za IDE, zenye ubongo wake ndani ya kasha. Mzunguko wa nje wa sahani ni mrefu kuliko wa ndani, kwa hiyo mafundi wakaanza kuupa sekta nyingi zaidi. Hapo hakukuwa tena na jibu moja la swali "sekta ngapi kwa mzunguko". Lakini BIOS na DOS bado zilidai namba tatu, na diski ikazitunga. Diski yenye sahani mbili ilijitangaza kuwa na vichwa 16, kwa sababu 16 ndicho kiwango cha juu kilichoruhusiwa na IDE, na sekta 63, kwa sababu ndicho kiwango cha juu cha BIOS. Vichwa kumi na viwili kati ya hivyo havikuwepo popote duniani. Ilimradi DOS, BIOS na diski zote zilikubaliana na hekaya ileile, mambo yalikwenda.

Torvalds alinunua PC yake ya 386 Januari 1991 na kuweka ndani yake Minix, mfumo wa kufundishia wa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam. Linux ilikulia juu ya Minix, ikitumia hata mfumo wake wa mafaili. Alipoitangaza kazi yake kwa mara ya kwanza Agosti mwaka huo alitahadharisha kwamba huenda isiwahi kuendesha diski nyingine zaidi ya zile za aina ya AT, maana ndizo pekee alizokuwa nazo.

Mojawapo ya ajali za kwanza za diski katika historia ya Linux ilimpata mwenyewe. Mwishoni mwa 1991 alitaka kompyuta yake ipige simu ya chuo kikuu kwa modemu. Katika mifumo ya ukoo wa Unix, modemu ni faili na diski ni faili, na mwenye mamlaka ya juu anaweza kuandika chochote katika lolote kati yake. Torvalds akalitaja faili la diski badala ya lile la modemu. Amri ya kupiga simu, pamoja na namba ya chuo, ikaandikwa juu ya patisheni yake ya Minix, nayo ikaharibika. Alikuwa na njia mbili: kuirudisha Minix, au kukubali kwamba Linux imeshatosha kuishi ndani yake. Akachagua ya pili. Mimi hukiona kisa hiki kuwa na uzito kuliko kichekesho kinachosimuliwa, kwa sababu kinaonyesha tofauti halisi ya mifumo hii miwili. Mtumiaji wa DOS hakuwa na mlango wa namna hiyo. Alikuwa na C:, na ndani ya C: mlikuwa na mafaili. Diski nzima, uchi, kuanzia baiti ya kwanza hadi ya mwisho, hakuwahi kukabidhiwa.

Aibu ya config.h ilirekebishwa haraka. Kabla mwaka 1991 haujaisha, kerneli ilikuwa imejifunza kusoma namba za diski kutoka kwenye majedwali ya BIOS wakati wa kuwaka. Hatua hiyo iliwaokoa wengi, lakini angalia ilivyokuwa: Linux nayo ilikuwa imeanza kumsikiliza dalali.

Aliyetaka kuhama mwanzoni mwa 1992 alihitaji moyo mgumu. Linux ilianzia kwenye flopi mbili, moja ya kuwashia na nyingine ya mafaili ya msingi. Ili kerneli ijue kwamba sasa makao yako yamo kwenye diski ngumu, ulifungua flopi ya kuwashia kwa programu ya kuhariri baiti, ukaenda kwenye baiti ya 508 na ya 509, ukaandika humo namba ya patisheni. Patisheni ya kwanza ya diski ya kwanza ilikuwa 0301, ila prosesa za Intel huanza na baiti ndogo, hivyo uliandika 01 kisha 03. Ukiandika 03 kisha 01, kerneli ilitafuta kifaa kisichokuwepo na kusimama papo hapo. Hayo ndiyo yalikuwa mapokezi.

Mwaka huohuo A. V. Le Blanc wa kituo cha kompyuta cha Manchester akaandika fdisk ya Linux, na kutoka kituo hichohicho ukatoka mmoja wa mikusanyo ya kwanza ya Linux iliyokuwa tayari kusakinishwa, MCC Interim. Mfaransa Rémy Card akaleta mfumo wa mafaili wa ext, na mapema 1993 ukafuata ext2, maana ule wa Minix ulikomea megabaiti 64 na majina ya herufi 14. Julai 1993 Patrick Volkerding akatoa Slackware. Kuanzia hapo wahamiaji hawakuwa tena wanafunzi wa sayansi ya kompyuta peke yao. Alikuja mwenye duka, mwalimu, mhasibu, kila mmoja na diski yake moja iliyojaa DOS kutoka ukingo hadi ukingo.

Kwa mtu huyo tatizo la kwanza lilikuwa nafasi. FDISK ya DOS haikujua kupunguza patisheni. Ilijua kufuta na kuunda tu. Njia iliyoshauriwa na vitabu ilikuwa kunakili kila kitu kwenye flopi, kufuta, kugawa upya, kurudisha. Hesabu mwenyewe flopi za megabaiti 1.44 zinazohitajika kwa diski ya megabaiti 200. Mjerumani Arno Schaefer akatoa programu ndogo iliyoitwa FIPS, iliyokata patisheni ya DOS bila kumwaga kilichomo. Ujanja wake ulikuwa mwepesi kusimulia: kwanza endesha DEFRAG ya DOS ili mafaili yote yasogezwe mwanzoni, kisha FIPS inabadilisha namba katika jedwali la patisheni na katika sekta ya kuwashia ya DOS, na mkia mtupu unakuwa patisheni ya pili. Kabla ya kugusa chochote ilikutaka uhifadhi sekta za zamani kwenye flopi, katika faili liitwalo rootboot.000.

Lakini mara kwa mara FIPS iligoma. Ilisema hakuna nafasi mwishoni, ilhali DIR ilionyesha nusu ya diski iko tupu. Mkosaji alikuwa faili lililofichwa. Programu ya MIRROR, na ile ya Norton iitwayo Image, zilikuwa na desturi ya kuweka kumbukumbu ya dharura kwenye sekta za mwisho kabisa za diski, katika mafaili kama MIRORSAV.FIL na IMAGE.IDX. Yalikuwa na alama ya siri na ya mfumo, kwa hiyo DEFRAG haikuthubutu kuyasogeza na DIR haikuyataja. Dawa ilikuwa kuyavua alama kwa amri ya ATTRIB, kuyafuta, na kuanza tena.

Wengine walikwama kwa sababu ya DoubleSpace. MS-DOS 6.0 ya 1993 ilikuja na programu hiyo ya kubana data, nayo C: waliyoiona ilikuwa kiini macho: faili moja kubwa lililofichwa kwenye diski halisi, lililobandikwa jina la C:. Linux ilipofungua patisheni ya DOS ilikuta lile faili kubwa na vikorokoro vichache, basi. Barua zote, hesabu zote, ziko wapi? Zimo humo, kwa lugha ambayo Linux haikuijua.

Kulikuwa na njia ya kukwepa yote haya, na sijui kwa nini haikumbukwi inavyostahili. Mwaka 1994 Jacques Gélinas wa Kanada akaleta UMSDOS, iliyoiweka Linux nzima ndani ya saraka ya kawaida ya DOS, pembeni ya michezo na barua zako. DOS inaruhusu majina ya herufi nane na tatu tu, haina mmiliki wa faili wala ruhusa. UMSDOS ikaweka katika kila saraka faili moja lenye jina la ajabu, --linux-.---, na humo ikaandika majina marefu, wamiliki na ruhusa. Ukiichoka Linux unafuta saraka moja. Pamoja nayo kulikuwa na LOADLIN ya Hans Lermen, programu ya DOS iliyoipakia kerneli ya Linux kutoka C: na kuiondoa DOS kwenye kumbukumbu. Mtu aliyetumia viwili hivi hakugusa jedwali la patisheni hata mara moja. Mwendo ulikuwa wa kobe, ni kweli, na DOS ikiharibika Linux inaharibika nayo. Lakini kwa aliyeogopa kupoteza kazi ya miaka mitatu, ulikuwa mlango wa heshima.

Wengi hawakuupitia. Walitaka kuwasha kompyuta na kuulizwa: DOS au Linux? Kwa hiyo waliweka LILO.

LILO, kazi ya Werner Almesberger, haikuelewa mfumo wowote wa mafaili. Ilipowekwa iliandika orodha ya mahali zilipo sekta za kerneli diskini, na siku ya kuwasha ilizisoma kwa kupitia BIOS, kwa silinda, kichwa na sekta. Ilikuwa na tabia moja ninayoiona kuwa ya busara sana: iliandika jina lake herufi moja moja kadiri ilivyopiga hatua. L, sehemu ya kwanza imewaka. I, sehemu ya pili imepakiwa. L ya pili, sehemu hiyo imeanza kukimbia. O, kila kitu kipo. Ikikwama, herufi zilizobaki kwenye skrini zilikuambia imekwamia wapi. Skrini nyeusi yenye "LI" peke yake ilimaanisha sehemu ya pili imeletwa lakini haikuweza kukimbia. Ama mtu ameihamisha bila kuendesha amri ya lilo upya, au BIOS na Linux hazikubaliani idadi ya vichwa. "LIL" ilielekea kwenye mgogoro uleule. "L" ikifuatwa na 04 zinazojirudia maana yake BIOS imeambiwa iende kwenye sekta, imekwenda, haikuiona.

Kwa nini zisikubaliane? Unganisha dari ya BIOS na dari ya IDE. Silinda 1024 za BIOS, vichwa 16 vya IDE, sekta 63 za BIOS, baiti 512: jumla baiti 528,482,304. Mwaka 1993 na 1994 diski za kawaida ziliifikia namba hiyo na kuipita. DOS haikuona chochote zaidi yake. BIOS mpya zikatunga hekaya ya pili juu ya ile ya kwanza: diski yenye silinda 2000 na vichwa 16 ilitangazwa kwa DOS kama yenye silinda 1000 na vichwa 32. Linux, ambayo kufikia hapo ilikuwa ikiiuliza diski moja kwa moja, ilijibiwa 2000 na 16. Wote wawili walizungumzia sahani zilezile. Fdisk ya Linux ikaanza kunung'unika kwamba patisheni hii haiishii kwenye mpaka wa silinda, na mwanzo wake wa kimwili hauafikiani na wa kimantiki. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa iliishia kwenye zile nafasi za baiti 16, pale maelezo mawili ya patisheni moja yalipokutana.

Wasiokuwa na BIOS mpya walipewa na muuza diski programu ya kusimamia: Disk Manager ya OnTrack, au EZ-Drive. Hizi zilikaa kwenye sekta ya kwanza, zikawaka kabla ya DOS, na kuuteka wito wa INT 13h. Disk Manager iliisogeza diski nzima kwa sekta 63, hivyo kile DOS ilichokiita sekta ya sifuri kilikuwa kwa hakika sekta ya 63. Linux ikija na kusoma sekta ya sifuri ya kweli ilikuta jedwali lisiloeleweka. Mhamiaji akiona hivyo alidhani diski haijagawanywa, akaigawanya, na DOS yake ikaenda na maji. Kerneli za mfululizo wa 1.3 zilijifunza kuzitambua programu hizi, na wakati wa kuwaka ziliandika kimstari kidogo chenye "remap +63" kukujulisha kwamba zimeshaufahamu mchezo.

Mholanzi Andries Brouwer, mwanahisabati, aliandika mwongozo mrefu wa diski kubwa uliowapoza wengi. Hoja yake ya msingi ilikuwa kwamba Linux yenyewe haihitaji silinda hata moja. Hutumia namba ya mfululizo, kuanzia sifuri hadi mwisho. Silinda na vichwa vinahitajiwa na LILO siku ya kuwasha, na DOS kama bado ipo. Kwa hiyo kanuni iliyopita mdomo hadi mdomo ikawa: patisheni yenye kerneli iwe chini ya silinda ya 1024. Watu wakaanza kutenga patisheni ndogo ya /boot mwanzoni mwa diski, na mazoea hayo yakaendelea miaka mingi baada ya sababu yake kwisha.

Kisha kulikuwa na waliotaka kurudi kwenye DOS. Ukifuta patisheni ya Linux, LILO inabaki kwenye sekta ya kwanza ikitafuta kerneli isiyokuwepo. Dawa ilikuwa FDISK /MBR, amri ambayo DOS 5 na 6 zilikuwa nayo lakini vitabu vyake havikuitaja. Na aliyetaka kuunda upya patisheni ya DOS kwa fdisk ya Linux alionywa jambo la kushangaza: FORMAT ya DOS 6 huamini mabaki ya data kwenye sekta ya kwanza ya patisheni kuliko jedwali lenyewe. Kwa hiyo ufute baiti 512 za mwanzo kwa kutumia dd:

dd if=/dev/zero of=/dev/hda1 bs=512 count=1

Tazama ile tarakimu moja mwishoni mwa hda1. Ukiisahau, umefuta sekta ya kwanza ya diski nzima, na jedwali la patisheni limeondoka nayo.

Diski mbovu kweli nazo zilikuwepo. DOS ilikuwa ikiweka alama kwenye jedwali lake la FAT kila ilipokuta sehemu iliyooza, na haikuigusa tena. Mtu akibomoa FAT na kuweka ext2 alifuta pia orodha hiyo. Wiki mbili baadaye kerneli inalalamika kuhusu sekta zisizosomeka, naye anaapa kwamba Linux imeua diski yake. Aliyekuwa na subira aliunda mfumo wa mafaili kwa mke2fs -c, iliyopitia diski yote kwanza ikitafuta ubovu, kazi ya kuacha kompyuta usiku kucha.

Mwaka 1995 ikagundulika kasoro ya aina nyingine, nayo ndiyo iliyowasafisha jina watu wa Linux kuliko zote. Chipu mbili zilizotumika sana kuunganisha diski za IDE, CMD640 na RZ1000, zilikuwa zikiharibu data kimyakimya pale kazi mbili zilipofanyika kwa wakati mmoja, kwa mfano kusoma diski ngumu huku flopi inaandikwa. DOS hufanya jambo moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo miaka yote kasoro ililala. Linux, kama ilivyokuwa OS/2, iliiamsha. Mark Lord, aliyekuwa akisimamia sehemu ya IDE ya kerneli, aliandika kinga dhidi yake, na pia hdparm, programu ya kurekebisha mwendo wa diski iliyobeba maonyo makali kwa wanaopenda kujaribu kila swichi.

Lakini ukiniuliza ni kitu gani kiliharibu data nyingi za wahamiaji wale, nitataja kitufe cha umeme. Mtumiaji wa DOS alimaliza kazi, akaona C:\>, akazima. Ilikuwa haki yake. Hata Microsoft ilijifunza hilo kwa uchungu: SmartDrive iliyokuja na MS-DOS 6.0 ilichelewesha kuandika ili kuongeza kasi, watu wakazima kama walivyozoea na kupoteza data, na toleo la 6.2 likabadilishwa ili maandishi yafike diskini kwanza ndipo C:\> irudi. Linux ilichelewesha kwa makusudi na bila kuomba radhi. Mabadiliko yalikaa kwenye kumbukumbu na kumwagwa diskini kila baada ya nusu dakika hivi. Aliyezima ghafla alikaribishwa siku iliyofuata na e2fsck, ikimwuliza kwa Kiingereza cha kifundi kama airekebishe inode namba fulani, y au n, swali baada ya swali. Mafaili yaliyopoteza majina yalirundikwa kwenye saraka ya lost+found, kila moja likiitwa alama ya # na namba. Ndani ya #2053 kunaweza kuwa na barua ya mkopo au kipande cha programu, lazima ufungue uone. Ahueni ya kweli ilikuja 2001, ext3 ya Stephen Tweedie ilipoingia kwenye kerneli ikiwa na daftari la kumbukumbu, na kuzima ghafla kukaacha kuwa msiba.

Dari ya mwisho ya BIOS ya zamani ilikuwa silinda 1024, vichwa 255 na sekta 63, yaani baiti 8,422,686,720. Diski za mwisho wa miaka ya 1990 zilipita hapo, BIOS zikapata wito mpya unaotumia namba ya mfululizo, na mwaka 2000 LILO ikapata chaguo la lba32. Silinda ya 1024 ikaacha kumtisha mtu.

Kerneli ya 2.6, Desemba 2003, ikaamua kuacha kabisa kubashiri hekaya za BIOS. Kama Linux haihitaji silinda, kwa nini ijisumbue? Mei 2004 Fedora Core 2 ikatoka na kerneli hiyo, kisakinishi chake kikaiuliza kerneli vichwa ni vingapi, kikajibiwa 16 kama diski ilivyojitangaza, kikaandika hivyo kwenye jedwali la patisheni. Linux ikawaka bila tatizo. Windows XP iliyokuwa pembeni yake ikagoma, kwa kuwa yenyewe ilitegemea 255 za BIOS. Data zote zilikuwa salama. Ilitosha kuliandika jedwali upya kwa sfdisk na kuitajia -H255. Safari hii aliyesema alichoambiwa na diski ndiye aliyelaumiwa.

Zile sekta 63 zilidumu zaidi. Patisheni ya kwanza ilianzia sekta ya 63 kwa miongo miwili, kwa sababu mzunguko wa kwanza wa diski ya kubuni uliachwa mtupu isipokuwa sekta yake ya kwanza. Karibu 2010 zilipokuja diski za sekta za baiti 4096, mwanzo huo uliangukia katikati ya sekta halisi na kuandika kukawa kwa kusuasua, na zana za Linux zikahamia sekta ya 2048, kama Windows Vista ilivyokuwa imefanya tayari. Diski za leo hutumia jedwali jipya la GPT. Hata hivyo sekta yake ya sifuri hubeba jedwali la zamani lenye patisheni moja ya ulinzi, aina ya EE, na humo bado zimo baiti tatu za mahali patisheni inapoishia kwa kichwa, sekta na silinda, zimejazwa hadi ukomo wake kwa sababu hakuna namba ya kweli inayoweza kuenea humo.